Chuo cha Nyumbani na Umri wa Mtoto: Uteuzi wa Masomo katika Maniema tangu Karne ya Kumi na Tisa

1. Utangulizi

Historia ya elimu katika Kongo kwa kawaida huandikwa kama historia ya shule: kwanza shule za misheni, kisha shule za serikali ya kikoloni, halafu shule za taifa huru. Katika masimulizi ya namna hiyo, mtoto ambaye hakuandikishwa shuleni huhesabiwa kuwa hakusoma. Kwa jimbo la Maniema, na hasa kwa miji ya Kindu, Kibombo na Kasongo, mtazamo huo unaiacha nje sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja wazazi Waislamu wa eneo hili wamewasomesha watoto wao nyumbani, barazani na katika vyumba vya walimu wa Kurani, kwa kufuata mpango wa masomo wenye hatua zake, vitabu vyake na hata mitihani yake.

Makala haya yanachunguza suala moja katika historia hiyo. Nyumba yenye watoto wa umri mbalimbali, mmoja wa miaka mitano, mwingine wa miaka tisa, na mwingine wa miaka kumi na minne, iliamuaje ni nani asome nini, na kwa utaratibu gani? Hoja tutakayoitetea ni kwamba chuo cha nyumbani kilikuwa na jibu thabiti kwa swali hilo, kwa sababu kilipanga masomo kwa hatua na si kwa umri. Jibu hilo lilitikiswa pale shule ya misheni ilipofanywa kuwa mlango pekee wa kufikia kazi ya kalamu. Tangu hapo mzazi hakuuliza tena mtoto wake amefika hatua gani ya ngazi. Alilazimika kuuliza ni mtoto yupi apande ngazi ipi. Gharama ya swali hilo la pili ndiyo inayoeleza mengi kuhusu nafasi ya Waislamu wa Maniema katika Kongo ya karne ya ishirini.

2. Kuingia kwa chuo Maniema

Kurani iliingia Maniema pamoja na biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara kutoka Pwani, waliopitia Tabora na Ujiji, walifika Nyangwe kwenye ukingo wa mto Lualaba. David Livingstone alikaa hapo mwaka 1871, na mwezi wa Julai mwaka huohuo alishuhudia watu wakiuawa sokoni. Tukio hilo latukumbusha kwamba dini na kalamu hazikufika huko katika mazingira ya amani. Baadaye Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, ambaye maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, ni miongoni mwa nathari za mwanzo za lugha hii zisomwazo hadi leo.

Hata hivyo, jamii iliyozaliwa kutokana na biashara hiyo haikuwa ya wageni peke yao. Wengi wa wale walioitwa Waungwana walikuwa wenyeji wa Maniema na majirani zake: Wakusu, Wagenia, Wazimba, Wabangubangu na wengineo, ambao waliingia katika dini, mavazi na lugha ya Pwani kwa njia za ndoa, utumishi, utumwa au hiari. Kwa watu hawa kusoma Kurani kulikuwa na maana iliyozidi ibada. Palikuwa ni pahala ambapo mtoto wa mateka angeweza kujihesabu muungwana, kwa kuwa ajuaye kusoma hakuweza kuitwa mshenzi kwa urahisi.

Kwamba usomaji huo ulikuwa wa kweli kunathibitishwa na barua. Katika nyaraka zilizohifadhiwa Ubelgiji zimo barua za Kiswahili na za Kiarabu zilizoandikwa Kongo katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Barua hizo zimechunguzwa na Xavier Luffin, ambaye mwaka 2007 alichapisha makala juu yake katika jarida la Swahili Forum. Barua haitoshelezwi na mwandishi mmoja. Huhitaji mtu wa kuiandika upande mmoja na mtu wa kuisoma upande wa pili, na wote wawili wawe wamefunzwa hati ileile. Mafunzo hayo hayakutolewa katika jengo lolote lililojengwa kwa kazi hiyo, bali katika nyumba za watu.

Vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa Waungwana. Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis liliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili. Ngome zilianguka na biashara ikahama. Chuo hakikuanguka pamoja navyo, kwa kuwa hakikuhitaji ngome wala hazina. Mwalimu mmoja, ubao, kalamu ya mwanzi, wino wa masizi na msahafu mmoja vilitosha kukiendesha.

3. Ngazi moja, watoto wengi

Mpango wa masomo waliokuja nao watu wa Pwani ulikuwa na hatua zinazojulikana kwa kila mtu aliyepitia chuo, kuanzia Lamu hadi Lualaba. Mtoto alianza kwa herufi, alifu na bee na tee, akizikariri kwa sauti huku akizitazama ubaoni. Hatua ya pili ilikuwa ya irabu, yaani fataha, kasra na dhuma, na kuunganisha sauti hizo na herufi moja moja mpaka ulimi uzizoee. Hatua ya tatu ilikuwa ya Fatiha na sura fupi. Hapa utaratibu wa chuo ulikwenda kinyume na utaratibu wa msahafu: mtoto alianza mwisho, kwenye sura ya An-Nas, akarudi nyuma hadi kuimaliza juzuu ya Amma yenye sura 37.

Mpangilio huu wa kinyume haukuwa wa bahati. Mafundisho ya dini yanamtaka mzazi amwamrishe mtoto kusali afikapo miaka saba, na kumsisitiza zaidi afikapo kumi. Sura fupi za mwisho ndizo ziwezazo kuingia katika kumbukumbu ya mtoto wa umri huo, na ndizo anazozihitaji katika sala. Kwa hiyo masomo ya mwanzo yalipimwa kwa mambo mawili: uwezo wa mtoto, na wajibu uliokuwa ukimkaribia. Baada ya Amma mwanafunzi alipanda juzuu baada ya juzuu hadi kuzimaliza zote 30, na hapo ilifanywa khitima. Mwenye nia na nafasi aliendelea na vitabu: katika sharia kitabu kifupi cha Safinat al-Naja, kilichotungwa na Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia mwaka 1855, katika nahau al-Ajurrumiyya, iliyotungwa katika Maghribi mwanzoni mwa karne ya kumi na nne, na kwa ajili ya mikusanyiko, maulidi ya Barzanji.

Umri ulishughulikiwaje ndani ya ngazi hii? Jibu ni kwamba haukutumiwa kugawanya watoto. Wote walikaa juu ya mkeka mmoja, kila mmoja na ubao wake na mahali pake alipofikia. Mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja. Aliyeshindwa alibaki na somo lake, na aliyeweza alifutiwa ubao akaandikiwa jingine. Wakubwa waliwasikiliza wadogo kabla ya zamu yao kumfikia mwalimu, na kwa kufanya hivyo nao walidurusu. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyeanza kuchelewa, labda kwa sababu ya kazi ya shamba au kwa kuwa wazazi wake walisilimu karibuni, aliweza kuanza alifu pembeni ya mdogo wake wa miaka sita. Ndugu watatu waliweza kusoma katika chumba kimoja, kwa mwalimu mmoja, vitu vitatu tofauti, bila mmoja kumsimamisha mwingine.

Saa za chuo nazo zilipangwa kuzunguka kazi za nyumba: asubuhi kabla ya jua kuwa kali, au jioni baada ya shamba, na mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Ada ilikuwa ndogo, na mara nyingi ilikuwa chakula, kuni au msaada wa kazi. Zawadi kubwa ilingojea khitima. Watoto wa kike walisoma pia, ama pamoja na kaka zao wangali wadogo ama kwa bibi aliyehitimu. Lakini katika nyumba nyingi masomo yao yalikatwa walipokaribia kubalehe, na hapo ndipo ngazi iliyokuwa moja iligawanyika, kwa sababu isiyohusu uwezo wa msomaji.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu ni kwamba kukariri kulitangulia kuelewa kwa miaka mingi, na kwa wengi kuelewa hakukuja. Mtoto wa Kikusu alisikia lugha ya mama nyumbani, akaelezwa kwa Kiswahili, akasoma Kiarabu. Ugomvi juu ya utaratibu huo si mpya. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, alilinganisha miji ya Waislamu kwa jinsi ilivyowasomesha watoto. Alieleza kwamba watu wa Maghribi walishikilia Kurani peke yake, ilhali watu wa Andalusi waliichanganya na mashairi, nahau na mwandiko. Alitaja pia rai ya Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi kwamba lugha na mashairi yatangulie na Kurani ifuate. Aliisifu rai hiyo, kisha akaonyesha kwa nini wazazi hawaifuati: wanachelea kwamba mtoto akikua na kutoka katika mamlaka yao, Kurani itampita. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyoongoza nyumba za Maniema karne tano na zaidi baadaye.

4. Misheni na mgongano wa miaka

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilitia saini mkataba na Kiti Kitakatifu cha Roma. Kila misheni ya Kikatoliki ingepewa ardhi ya hekta 100 hadi 200, nayo ingeanzisha shule. Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji na msingi huo ukabaki. Kwa miongo kadhaa ruzuku ya elimu ilikwenda kwa misheni za Kikatoliki za kitaifa, hata misheni za Kiprotestanti zikakaa nje mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waislamu hawakuwa na shule ya aina hiyo iliyotambuliwa. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliitazama tarika ya Kadiria kwa wasiwasi, na mwalimu wa Kurani akawa mtu wa kuchunguzwa.

Hali ng'ambo ya ziwa Tanganyika ilikuwa tofauti. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani serikali ilianzisha shule zake zisizo za dini tangu miaka ya 1890, ya kwanza ikiwa Tanga, na watoto wa Kiislamu waliosoma humo wakawa makarani na maakida. Zanzibar nayo, chini ya Waingereza, iliingiza Kurani katika shule za serikali ili kuwavuta wazazi. Hivyo wazazi wawili wa dini moja na lugha moja, mmoja Ujiji na mwingine Kasongo, walikuwa mbele ya maamuzi yasiyolingana. Wa kwanza aliweza kuongeza shule juu ya chuo. Wa pili aliona shule ambayo katekisimu ni somo lake la msingi, na ambayo mtoto angeweza kurudi nayo jina jipya.

Ugumu huo ulizidi kuonekana Kindu kuliko kwingineko. Mji huu ulikua kutokana na reli. Njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo, yenye urefu wa takriban kilomita 355, ilikamilika karibu na mwaka 1911, na Kindu ikawa mahali ambapo mizigo ilihama kutoka mashua hadi gari la moshi. Reli ilihitaji makarani, wapiga simu za maandishi na watunza ghala, na kazi hizo ziliombwa kwa hati ya Kilatini na, kadiri miaka ilivyopita, kwa Kifaransa. Kijana aliyehitimu msahafu wote, anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alihesabiwa ofisini kuwa hajui kusoma.

Kiini cha mgongano kilikuwa umri. Utaratibu wa masomo wa miaka ya 1920, uliochapishwa katika kijitabu cha mwaka 1929, uliigawa shule ya msingi katika daraja la kwanza la miaka miwili na la pili la miaka mitatu. Shule ilimtaka mtoto wa miaka sita au saba. Huo ndio umri uleule ambao chuo kilimtaka kwa ajili ya Amma, umri ambao kumbukumbu ni nyepesi na wajibu wa sala unaanza. Mlango wa chuo ulikuwa wazi kwa mtu wa umri wowote, lakini shule haikumngoja aliyechelewa. Kwa hiyo kauli iliyoonekana ya busara, kwamba Kurani itangulie na shule ifuate, ilimfikisha mtoto shuleni akiwa amepita umri. Na kauli ya pili, kwamba shule itangulie, ilimaanisha kumkabidhi mtoto kwa katekisimu kabla hajaijua Fatiha.

Njia zilizobaki zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kukataa shule kabisa. Ya pili ilikuwa kumpeleka mtoto shuleni asubuhi na chuoni jioni, na kuvumilia yatakayotokea. Ya tatu ilikuwa kuwagawa ndugu: huyu wa shule, huyu wa chuo. Kila njia ilikuwa na hasara yake, lakini ya tatu ndiyo iliyobadilisha maana ya chuo cha nyumbani. Ngazi ambayo ndugu wote walikuwa wameipanda kwa mwendo wao wenyewe iligeuka kuwa njia ya baadhi yao tu, na tofauti kati ya ndugu, ambayo zamani ilikuwa ya hatua, ikawa ya maisha yote. Mmoja angeijua barua ya serikali na mwingine angeijua sala ya maiti.

Mabadiliko yalikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1954 Auguste Buisseret, waziri wa makoloni wa chama cha Kiliberali, alianza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika. Lakini zilikuwa chache, na uhuru ulikuwa umebakiza miaka sita. Armand Abel alipochapisha utafiti wake juu ya Waislamu weusi wa Maniema mjini Brussels mwaka 1960, jamii aliyoieleza ilikuwa imejifunga katika dini yake na kubaki pembeni mwa elimu ya kikoloni. Kongo nzima iliingia katika uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi ishirini au karibu na hapo. Maniema ya Kiislamu ilikuwa nyuma hata ya kiwango hicho kidogo.

5. Baada ya uhuru

Uhuru haukuleta utulivu wa kusomesha. Kindu ilitekwa na waasi mwezi wa Julai 1964 na kurudishwa mikononi mwa serikali mwezi wa Novemba. Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za makanisa; mwaka 1977 mkataba uliwarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu uendeshaji wake chini ya mtaala wa taifa, na jumuiya ya Kiislamu nayo ikapata shule zake za mkataba kwa utaratibu huohuo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kiislamu wa Kindu aliweza kukaa katika darasa linalotambuliwa na dola bila kuiacha dini yake mlangoni.

Je, hilo lilimaliza swali la nyumba? Halikulimaliza, kwa sababu mtaala wa shule hizo ni wa taifa, na saa za dini humo ni chache. Ngazi ya Kurani ilibaki nyumbani na msikitini, jioni na siku za mapumziko. Kisha ukaja ufukara wa dola. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu wa Zaire ilibebwa kwa sehemu kubwa na michango ya wazazi. Mzazi mwenye watoto watano hakuchagua tena kati ya misheni na chuo. Alichagua ni wangapi kati ya watano atawalipia, na mara nyingi aliyekatwa kwanza alikuwa binti. Vita vya miaka ya 1998 hadi 2003 viliifungia Kindu njia za biashara na kuifanya michango hiyo kuwa mizito zaidi. Katika miaka hiyo mkeka wa mwalimu, ambao haukumdai mtu franka kabla ya somo, ulibaki mahali ambapo ndugu wote wangeweza kukaa pamoja.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, imetamka kwamba wazazi wana haki ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, na kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wa malipo ya bure ulianza Septemba 2019. Haki ya kuchagua sasa imeandikwa. Lakini mtoto bado ana saa zilezile kwa siku, na miaka sita hadi kumi bado ndiyo inayogombewa na mtaala wa taifa na msahafu.

6. Hitimisho

Kiswahili chenyewe kimehifadhi ushahidi wa historia hii. Neno chuo, lililokuwa na maana ya kitabu, likawa jina la mahali pa kusomea Kurani, na leo ndilo tutumialo kwa chuo kikuu. Kuhitimu, ambako sasa hufanywa kwa joho na cheti, ni khitima ya msahafu. Juzuu, ambayo jarida hulichapa juu ya jalada lake kila mwaka, ni ile aliyokuwa akiipanda mtoto ubaoni. Taasisi za kisasa zimechukua msamiati wa chuo cha nyumbani huku zikiwaandika wahitimu wake katika safu ya wasiojua kusoma.

Yapo mambo mawili yanayopaswa kufuata kutokana na maelezo haya. Kwanza, wanaohesabu wasomaji katika Maniema waihesabu pia hati ya Kiarabu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ili kujulikana ni wazee wangapi, wanawake kwa wanaume, wameishi maisha yao yote wakisoma. Pili, wapangaji wa mtaala wa shule za mkataba za Kiislamu waitazame kanuni ya mkeka: kwamba mtoto hupimwa kwa alipofika na si kwa miaka aliyonayo, na kwamba mkubwa humsomesha mdogo. Katika jimbo ambalo vita na ufukara vimewafikisha shuleni watoto wengi wakiwa wamechelewa, kanuni hiyo ina kazi ya kufanya hata katika somo la hesabu na la Kifaransa. Utafiti wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo umeshughulikia zaidi lahaja na sauti zake. Mbao, daftari na barua zilizomo majumbani Kindu na Kasongo zinastahili kushughulikiwa kwa bidii hiyohiyo, kabla wenyewe waliozitumia hawajaondoka.